Mkwaruzo Chini ya Waridi

Teunis Verkaik alikuwa na kanuni: chuma kisiguse ardhi mpaka mkono uiguse kwanza. Aliishika kwa miaka thelathini na moja katika ardhi ya watu wengine. Aliivunja mara moja tu, mbele ya mlango wa jirani yake, Jumamosi moja saa nne asubuhi, watu wakimpigia makofi.

Alizaliwa Berkendam, kijiji cha nchi ya mboji, udongo laini wa mimea iliyooza, kusini mwa mji wa Gouda, mtoto wa nne wa mtengeneza jibini aliyekuwa na ng'ombe wa kutosha watoto watatu. Wa nne alipewa koleo. Alikamua ng'ombe wa watu mpaka akatimiza miaka ishirini na saba, kisha akaajiriwa na kampuni ya Hogeweg, wachimbaji wa mitaro, na hakuondoka tena. Alianza kwa mkono, akapandishwa kwenye katapila, akaoa, akatalikiwa kwa amani, akanunua nyumba mtaa uleule aliowahi kuuchimba. Mambo mengine ya maisha yake yangeweza kuandikwa nyuma ya bahasha. Kanuni yake ndiyo ingehitaji kitabu, na yeye alikuwa tayari kukisoma kwa sauti kwa yeyote aliyesimama karibu.

Nchi hii imejaa chini kuliko juu. Chini ya njia yoyote ya waenda kwa miguu kuna gesi, maji, umeme, simu, maji taka, na mtandao wa intaneti uliolazwa mara mbili kwa sababu kampuni ya pili haikuipenda ya kwanza. Sheria inasema anayechimba kwa mashine aombe kwanza michoro ya vyote vilivyolala hapo. Ombi hutumwa kwa kompyuta, ada yake haizidi bei ya kipande kizuri cha jibini, na majibu huja kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo mchimbaji hachimbi. Anachukua koleo, anafungua shimo jembamba kwa mkono, analitafuta bomba lenyewe mpaka alione kwa macho, kwa sababu mchoro unaonyesha mahali bomba lilipotakiwa kuwa, na bomba halisomi michoro.

Wachimbaji wengi huijua sheria hii kama wanavyozijua amri kumi, yaani huikumbuka wakiona askari. Teunis aliishi nayo. Alitia michoro kwenye mfuko wa plastiki, akaipaka rangi, njano kwa gesi na nyekundu kwa umeme, na alikuwa na brashi ndogo ya kufutia tope kwenye nyaya alizozifukua. Saa ya chakula alikaa ukingoni mwa shimo na mkate wake wenye jibini, akiutazama waya ulio wazi kama mtu anayelinda mtoto aliyelala. Wasimamizi walihesabu saa na kuguna. Wenzake walimwita Mzee Koleo. Gijs Ooms, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa na kukaa mtaa mmoja naye, alikuwa akisema kwamba hata akienda kumzika Teunis, marehemu ataamka kuuliza kama kaburi limeombewa michoro.

Teunis alikuwa sahihi. Pia alijua kwamba yuko sahihi, na hilo la pili ndilo lililowachosha watu.

Kanuni yake ilikuwa na sehemu ya pili, aliyoipenda zaidi. Kwamba ukilipasua bomba, limejitangaza lenyewe: watu watakimbia, mafundi watakuja, hakuna atakayelala juu yake. Lakini ukilikwaruza ukalifukia, umemtegea mtu usiyemjua. Mkwaruzo hukaa. Ardhi husogea, baridi hubana, na siku moja bomba linaachia pale pale, na wewe uko likizoni. Kwa hiyo ukikwaruza, hata kama ni rangi tu iliyotoka, unapiga simu kwa wenye bomba, unasimama hapo, unaona aibu. Aliyasema haya kila mwaka kwenye mkutano wa usalama, kwa maneno yaleyale, na kila mwaka Gijs aliyasema pamoja naye kwa kuchezesha midomo bila sauti.

Ukumbini kwa Hogeweg palikuwa na ubao wenye majina ya waendesha katapila wote, na mbele ya kila jina siku alizofanya kazi bila kugusa bomba la mtu. Wengine walikuwa na siku arobaini, wengine mia mbili. Mbele ya jina la Teunis hapakuwa na namba. Mtu aliyeandika ubao alichoka kubadilisha, akaandika tu: tangu mwanzo.

Basi mgongo wake ukaisha. Miaka thelathini na moja ya kutikiswa kitini iliusaga uti wake mpaka daktari akamwonyesha picha na kunyamaza, ambayo ni njia ya madaktari wetu ya kupiga kelele. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Pensheni ilikuwa mbali, na kushuka kwenye katapila kurudi kwenye koleo kulikuwa sawa na kumshusha mgonjwa kitandani alale sakafuni. Mkurugenzi, Bi Hogeweg, mjukuu wa mwenye jina, akaja na wazo zuri. Kampuni ilikuwa inafungua darasa la kuwafundisha wachimbaji wapya. Teunis angekuwa mwalimu: kiti chenye mgongo, chumba chenye joto, na watu ishirini waliolipwa mshahara kumsikiliza. Aliyekuwa akihubiri bure maisha yake yote sasa angepewa mimbari.

Sharti lilikuwa moja, na Bi Hogeweg alilitaja akicheka kwa sababu lilionekana kama utani. Rekodi iwe safi mpaka siku ya kukabidhiwa, Ijumaa ya pili ya Juni. Teunis naye akacheka. Ni mara chache kumwona akicheka na mtu mwingine kwa wakati mmoja.

Mwezi wa Mei kijiji kizima kiliingiwa na wazimu wa kung'oa vigae. Kila mwaka miji na vijiji vya nchi hii hushindana nani ataondoa vigae vingi zaidi mbele ya nyumba na kupanda maua mahali pake, ili maji ya mvua yapate pa kuingia. Ni jambo jema, na kwa kuwa ni jambo jema lilifanywa kwa ubaya wote uliopo katika mashindano. Berkendam ilikuwa nyuma ya kijiji cha ng'ambo ya mfereji kwa vigae mia tatu. Kamati ya mtaa ilikutana. Watu ambao hawajasalimiana tangu ugomvi wa uzio walikaa meza moja. Iliamuliwa kwamba Jumamosi ya wiki ileile mtaa wetu wote utafungua ukanda wa ardhi chini ya kuta za mbele, nyumba ishirini na mbili, na kila nyumba ipande kitu kinachopanda ukuta.

Kwa mkono, ilikuwa kazi ya wikendi mbili. Kwa katapila ndogo, asubuhi moja. Macho yote yakamwelekea Teunis.

Angeweza kusema kwamba mgongo unamuuma. Angeweza kusema kwamba anayechimba kwa mashine lazima aombe michoro, na kwamba leo ni Alhamisi, na majibu huenda yasifike kabla ya Jumamosi. Aliwahi kuyasema haya kwa kamati za vijiji vingine, tena kwa kidole juu. Lakini hawa walikuwa majirani, na walikuwa wakimtazama kama watu wanaomtazama daktari ndani ya ndege. Akasema ataazima mashine kazini.

Jumamosi Gijs alikuja kumsaidia kuishusha. Alitembea kuizunguka mara moja, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Michoro iko wapi, Mzee Koleo?"

"Ipo kichwani."

"Kichwani mwako kuna mvi tu. Nimeuliza michoro."

"Bomba la mtaa huu nililitia mimi mwenyewe, Gijs. Mwaka wa tisini na nne, mwaka wangu wa kwanza kazini. Sentimita themanini kwenda chini, nyumba zote. Wewe ulikuwa bado unauza baiskeli."

"Na shimo la mkono?"

"Mashimo ya waridi ni ya sentimita hamsini. Hesabu mwenyewe."

Gijs alihesabu, akaona zinabaki thelathini, akainua mabega. Akasema haya basi, wewe ndiye mwenye Biblia. Kisha akaenda kubeba mbolea.

Hapa lazima jambo moja lielezwe, na kila mkazi wa nchi ya mboji analijua tangu utotoni, ndiyo maana hakuna aliyelikumbuka. Ardhi yetu inazama. Mboji hukauka na kujibana, na mtaa hushuka kidogo kila mwaka. Nyumba hazishuki, kwa sababu zimesimama juu ya nguzo zilizopigiliwa chini mpaka kwenye mchanga mgumu. Barabara yetu ililetewa mchanga na kunyanyuliwa, lakini ule ukanda ulio chini ya kuta ni wa wenye nyumba, na wenye nyumba hawakuongeza hata ndoo. Sasa bomba la gesi, upande wa barabara limezama pamoja na ardhi, na upande wa nyumba limeshikwa ukutani, haliendi popote. Limebaki limeinama kama kamba ya nguo iliyolegea, na karibu na ukuta udongo wa juu yake umepungua mwaka baada ya mwaka. Sentimita themanini za mwaka wa tisini na nne zilikuwa zimebaki kama thelathini na tano.

Dalili ilikuwa wazi kwa kila mwenye miguu. Mbele ya kila mlango wa mtaa ule pameongezwa kidaraja cha ziada cha kupandia, kwa kuwa ardhi ilishuka na mlango ukabaki juu. Teunis alikipanda chake kila jioni akirudi kutoka kazini. Alikijenga yeye mwenyewe.

Alianza namba ishirini na mbili na kushuka. Katika nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mashimo yalikaa mbali na bomba, si kwa ustadi bali kwa bahati, na bahati ikipatikana mara tatu mtu huiita uzoefu. Watu walitoka na vikombe vyao. Mtu akaleta redio. Mwenyekiti wa kamati alihesabu vigae kwa sauti. Ilipofika saa nne mashine ilisimama mbele ya namba kumi na nne, kwa Bi Neeltje Boogaard.

Bi Boogaard alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja, mtu mkavu, mnyofu, aliyefundisha hesabu shule ya kijiji mpaka watoto aliowafundisha wakaleta watoto wao. Waridi lake halikununuliwa. Lilikatwa kutoka shamba dogo la kukodi la marehemu mumewe kabla kipande kile hakijapewa mtu mwingine, likakaa miaka mitatu kwenye ndoo nyuma ya nyumba likingoja ukuta. Alitoka nalo mwenyewe, akalishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa, akamwonyesha Teunis pa kuliweka: kulia kwa mlango, chini ya dirisha la jiko. Watu wakapiga makofi. Teunis akashusha kijiko cha mashine.

Mchimbaji wa miaka thelathini na moja hasikii bomba kwa sikio. Hulisikia kwenye usukani, mfano wa jino linapogusa jiwe ndani ya wali. Alizima mashine. Makofi yalikuwa yameshaisha, watu wamegeukia keki ya tufaha, Gijs yuko mwisho wa mtaa na toroli. Teunis alishuka polepole, akapiga magoti, jambo ambalo mgongo wake ulimtoza vikali, akafuta udongo kwa kiganja. Brashi alikuwa ameiacha nyumbani.

Bomba la njano lilikuwa pale. Juu yake palikuwa na mkwaruzo wenye urefu wa kidole, na katikati yake ukucha uliingia. Halikutoboka. Hakukuwa na harufu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa, kama mtu anayembusu ng'ombe mgonjwa, na hakusikia chochote isipokuwa udongo.

Alijua vipimo. Mkwaruzo wa kina kile haungojewi, hauzungushiwi utepe, hauombewi dua. Unapiga simu. Alikuwa ameyasema haya mwezi wa pili kwenye mkutano, Gijs akichezesha midomo.

Lakini simu ile ingefuatwa na maswali, na swali la kwanza lingekuwa michoro iko wapi, na la pili shimo la mkono liko wapi, na Ijumaa ya pili ya Juni ilikuwa imebakiza wiki tatu tu. Alimtazama Bi Boogaard, aliyesimama na waridi lake akingoja kwa adabu. Akachota mchanga safi, akalifunika bomba, akaushindilia kwa mkono kwa upole mkubwa. Kisha akapanda waridi juu yake, akasema udongo wa hapa ni mzuri.

Kijiji chetu kilishinda kwa vigae mia mbili na kumi. Gazeti la kijiji lilitoa picha ya Teunis ameegemea mashine, na chini yake maneno kwamba watu kama hawa ndio uti wa mgongo wa jamii. Hakuna aliyekusudia kejeli.

Kuanzia Jumapili ile alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda namba kumi na nne na kopo la maji, akalimwagilia waridi, akainama chini kabisa na kuvuta pumzi. Waliopita waliona mtu anayenusa ua ambalo halijachanua. Siku ya tano mvua ilinyesha tangu alfajiri, na Teunis alikuwepo, kofia imelowa, akimwagilia. Mtaani ilianza kusemwa kwamba talaka huwa inawaharibu wanaume wengine na kuwatengeneza wengine. Gijs alimuuliza wazi kama anamfukuzia bibi au waridi. Teunis alisema jirani mwema hana haja ya sababu.

"Wewe?" alisema Gijs. "Wewe ulimripoti mtoto wa dada yako kwa manispaa kwa sababu ya shimo la bwawa la samaki."

Moyoni Teunis alikuwa ameshapanga hoja zake vizuri, zimesimama mstari. Bomba lina unene wa akiba. Majira ya joto ardhi haisogei sana. Baada ya Ijumaa ile angejifanya amegundua kitu wakati wa kupalilia, angepiga simu kama raia mwema, na nani angejua umri wa mkwaruzo? Na nguzo ya hoja zote ilikuwa hii: gesi hutiwa harufu kali ya mayai yaliyooza ili mtu yeyote mwenye pua aisikie mapema. Ikianza kuvuja, Bi Boogaard, aliyekaa siku nzima jikoni hatua mbili kutoka hapo, atakuwa wa kwanza kuisikia. Atafungua madirisha, atatoka nje, atapiga simu. Usalama wa mwanamke yule ulikuwa umekabidhiwa pua yake, bila kuulizwa.

Wiki ya pili Bi Boogaard alianza kumkaribisha kahawa. Nchini kwetu kahawa ya mgeni huja na biskuti moja, kisha bati la biskuti hufungwa, na kulifunga bati si uchoyo bali ni ustaarabu. Bi Boogaard alimfungulia Teunis bati mara mbili. Hakuwahi kumfanyia hivyo mchungaji. Teunis alikula ya pili kwa shida, akitazama dirisha.

Alimsimulia kazi mpya aliyokuwa anaingoja. Bi Boogaard, mwalimu wa zamani, alimshauri asiseme sana siku ya kwanza. Awape mfano mmoja, wa kweli, uliomtokea yeye mwenyewe. Wanafunzi, alisema, wananusa uongo.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Alhamisi. Kesho yake kulikuwa na keki ukumbini, cheti chenye fremu, na hotuba ya Bi Hogeweg. Teunis alikuwa ametoa suti aliyoolea, na ilimtosha kwa sababu mgongo ulimkondesha. Saa moja na nusu asubuhi aliingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida, akasimama. Jiko lote lilinuka maziwa yaliyoungua. Moshi mwembamba wa buluu ulining'inia chini ya dari, sufuria imeshakuwa nyeusi, na Bi Boogaard alikuwa ameketi mezani mgongo ukiangalia jiko, anasoma gazeti kwa utulivu wa kanisani.

Teunis alizima moto na kuipeleka sufuria kwenye sinki.

"Maziwa yako yameungua, Bi Boogaard."

"Tena?" Aligeuka, akaona moshi. "Ya tatu mwezi huu. Itabidi ninywe kahawa nyeusi kama wanajeshi."

"Hukusikia harufu?"

"Mimi? Sijasikia harufu yoyote tangu ile homa ya majira ya baridi ya mwaka juzi. Maua, kahawa, paka akikojoa, vyote ni sawa. Daktari anasema huenda ikarudi. Kaa, jirani, nitafungua bati."

Teunis hakukaa. Bi Boogaard alisimulia baadaye kwamba alidhani mgongo umemshika, kwa sababu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na uso ukawa rangi ya unga. Akamuuliza kama amwite daktari.

"Toka nje," alisema Teunis. "Tafadhali. Toka sasa hivi, usiwashe wala kuzima kitu."

"Nimevaa ndara."

"Toka na ndara."

Alimshika mkono mpaka ng'ambo ya barabara, akamketisha kwenye ukuta mfupi wa namba kumi na moja, akatoa simu. Namba ya dharura ya gesi hakuhitaji kuitafuta, aliwahi kuiandika kwa herufi kubwa kwenye milango ya makatapila yote ya Hogeweg. Alitaja mtaa na nyumba. Aliyepokea aliuliza uharibifu umetokea lini.

"Siku kumi na tisa zilizopita," alisema Teunis. "Ni mimi."

Bi Boogaard alikuwa karibu naye, na pua yake ilikuwa imekufa lakini masikio yalikuwa ya mwalimu. Alitazama waridi, akatazama kopo la maji lililokuwa kando yake, na hesabu ile haikumchukua muda.

"Kumbe gesi ndiyo uliyokuwa unanusa," alisema.

Mafundi walikuja baada ya dakika ishirini na tano. Walitoa watu wa nyumba sita nje, wakafunga gesi ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukasimama barabarani na vikombe vyake, kama Jumamosi ile, ila safari hii bila redio. Waridi lilichimbuliwa kwa mkono, kwa shimo jembamba, kwa uangalifu, kama Teunis alivyofundisha watu maisha yake yote. Kifaa chao kilionyesha: gesi ilikuwa imeanza kupita, kidogo sana, na ilikuwa ikitambaa chini ya sakafu badala ya kupanda juu, ndiyo maana pua ya Teunis iliyoinamia waridi kila asubuhi haikupata kitu. Mkuu wa mafundi, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikikata kile kipande cha bomba na kukigeuza mkononi. Alisema kingefika mwezi wa Septemba labda, lakini wa Oktoba hapana. Hakuuliza nani aliyefanya. Teunis alisimama mbele yake, akaona aibu, kama sehemu ya pili ya kanuni inavyotaka. Alichelewa kuifikia kwa siku kumi na tisa tu.

Wapo waliosema mtaani kwamba alionyesha ujasiri kupiga simu ile kesho yake ikiwa siku ya cheti. Mtu akiokoa nyumba aliyoitegea moto, inabidi watu wamtafutie neno, na ujasiri lilikuwa karibu. Alipiga simu pale ambapo hakubakiwa na mtu mwingine wa kunusa kwa niaba yake. Ni vizuri alipiga. Tuliishie hapo.

Gijs alikuja jioni, akasimama mlangoni bila kuingia. Hakuwa na utani. Alisema kama yeye asingeuliza michoro, angeweza kumsamehe Teunis. Aliuliza, akajibiwa, akaenda kubeba mbolea, na hivyo kosa likawa lao wawili. Tangu siku hiyo Gijs haanzi kazi popote bila kuiona michoro kwa macho yake, hata anapochimba na mtu mwenye Biblia.

Ijumaa keki ililiwa hivyo hivyo, kwa kuwa ilishaagizwa. Bi Hogeweg alimwita Teunis ofisini kwa muda mfupi. Hakumfukuza. Kampuni haimfukuzi mtu aliyejiripoti, hiyo ni kanuni yao, na Teunis ndiye aliyeipigania miaka kumi iliyopita. Darasa lilipewa mwanamke wa miaka thelathini na nne kutoka tawi la Woerden, aliyewahi kupasua bomba la maji mwaka wake wa pili na kuliripoti ndani ya dakika nne. Anaanza somo lake la kwanza kila msimu na mfano huo. Nasikia wanafunzi humsikiliza.

Jina la Teunis lilibaki ubaoni. Maneno "tangu mwanzo" yalifutwa, na yule aliyechoka kubadilisha akarudi kuandika namba kila asubuhi.

Bi Boogaard alilipanda upya waridi lake mwenyewe, kwa koleo ndogo ya bustani, umbali wa mkono mmoja kando ya pale pa zamani. Linapanda ukuta vizuri. Teunis alikwenda mara moja kumwambia anasikitika, akasimama chini ya kile kidaraja cha mlango. Bi Boogaard alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu kwa kuja, akafunga mlango bila kuubamiza.

Siku kumi na tisa za kunyamaza zilimgharimu Teunis Verkaik darasa alilolitamani maisha yake yote. Anaendesha katapila na mgongo uliosagika, amebakiza miaka tisa kufika pensheni, na namba kumi na nne hakuna tena anayemfungulia bati.